Kumsemea Kaka

Msichana wa miaka 15 amesimama katikati ya korido ya shule, mikono kaitandaza kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani. Nyuma yake wamejibanza watoto wanne. Mbele yake, hatua kumi hivi, kuna bunduki, na aliyeishika ni ndugu yake wa toka nitoke. Anamwita mara moja tu: "Kaka." Kisha mlio. Kuanzia hapo anayesimulia si yeye tena, ni mmoja wa wale wanne.

Hicho ndicho kilichokuwa kilele cha rasimu ya kwanza ya riwaya ya vijana niliyoletewa niihariri. Hadithi inatokea Marekani, katika mji mdogo ambao mwandishi hakuupa jina. Mwandishi mwenyewe ameniruhusu nikieleze kisa hiki kwa sharti la kutomtaja, yeye wala kitabu. Wahusika nao hawana majina: katika mswada mzima msichana humwita mkubwa wake "Kaka", naye huitwa "mdogo wangu", basi.

Nililia nilipoisoma sura hiyo. Niseme hilo mapema, maana nitaikosoa vibaya na sitaki nionekane nina moyo wa jiwe. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Tatizo lilianza usiku, nilipokuwa nimeshazima taa, nikajiuliza: hivi yule binti alijua tangu lini?

Nikawasha taa, nikarudi ukurasa wa 14.

Pale ukurasa wa 14 pana kitu kidogo ambacho nadhani hata mwandishi hakujua uzito wake alipokiandika. Baba wa nyumba hiyo ana kabati la bunduki, na ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda. Baba ni mtu wa taratibu, kila mara huutundika meno yakitazama ukutani. Asubuhi moja binti anafunua kalenda aone tarehe ya mtihani, anakuta meno yanatazama mlangoni. Anaugeuza unavyotakiwa, anarudisha kalenda, anaenda kunywa chai. Siku mbili baadaye anaona daftari la Kaka limeachwa wazi kitandani: mchoro wa korido, mishale, na tarehe. Usiku huohuo Kaka anamwambia, bila kumtazama, "Mdogo wangu, Jumanne ya wiki ijayo jifanye unaumwa." Anamwapisha asimwambie mtu. Binti anaapa.

Kutoka ufunguo kugeuka hadi korido ni siku 11. Mwandishi alizipa siku hizo ukurasa mmoja na nusu, na sentensi iliyobeba mzigo wote ilikuwa na maneno mawili: "Siku zilipita." Hapo ndipo nilipoandika kwenye pambizo, kwa kalamu niliyoikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, "Zilipitaje?"

Sasa niurudie ule mwisho. Binti alijua. Aliapa, akanyamaza. Siku ilipofika hakujifanya mgonjwa, alikwenda shule, akasimama mbele ya risasi, akafa. Ukiutazama hivyo, ule mkao wa mikono iliyotandazwa unageuka malipo. Alikuwa na deni, akalilipa kwa roho yake, daftari likafungwa, na msomaji anaachiwa alie tu. Hakuna atakayemuuliza kwa nini alinyamaza siku 11, kwa sababu maiti haihojiwi. Mwandishi naye amenusurika kuulizwa. Nilirudi pia kuhesabu waliokufa mlangoni kabla Kaka hajafika kwenye korido ile. Walikuwa watatu, na mmoja wao, kama nilisoma sawasawa, ndiye aliyemwazima msimulizi raba katika sura ya pili. Hao hawakupewa hata nusu ya aya.

Huo ndio mtego wa riwaya za aina hii, na si za mwandishi huyu peke yake. Undugu ndani yake hupimwa kwa mwili: nani alirudi ndani kumfuata mdogo wake, nani alimlalia dada yake sakafuni, nani alimzuia mshambuliaji ili wengine wapite dirishani. Muda nao hubanwa. Riwaya ya Marieke Nijkamp iliyotoka 2016, ambayo mmoja wa wasimuliaji wake wanne ni dada wa mshambuliaji, tukio lake zima huchukua dakika 54. Sikatai, dakika zina taharuki kuliko siku. Mtu akiwa na dakika moja ya kuamua, uamuzi wowote atakaofanya ni wa kishujaa au wa kusamehewa. Mtu mwenye siku 11 ni habari nyingine kabisa, na ndiye niliyemtaka mimi.

Nilimpelekea mwandishi taarifa moja aisome. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, tarehe 20 Aprili 1999, walipouawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, Secret Service (wale wanaomlinda rais wa Marekani) walishirikiana na Idara ya Elimu kuchunguza mashambulizi 37 yaliyotokea mashuleni kati ya 1974 na 2000. Taarifa ilitoka 2002. Katika matukio 30 kati ya hayo 37, palikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kabla kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo. Katika 22, waliojua walikuwa zaidi ya mmoja. Na katika asilimia 93 ya matukio hayo 30, aliyejua alikuwa kijana mwenzake: rafiki, mwanafunzi mwenzake, au ndugu yake. Ndugu wametajwa humo kwa neno lao. Asilimia 68 ya washambuliaji walipata silaha nyumbani kwao au kwa jamaa.

Kwa hiyo ule ufunguo nyuma ya kalenda haukuwa pambo. Mwandishi alikuwa ameugusa moyo wa jambo lenyewe ukurasa wa 14, akaukimbia, akaenda kuutafuta korido.

Alinijibu kwa barua ndefu, na hoja yake kuu nilidhani ina nguvu. "Huyu ni kaka yake," aliandika. "Wewe unataka amchongee. Msomaji wangu wa miaka 15 atamchukia." Nikakaa na hilo neno *amchongee* siku nzima. Mwandishi alikuwa na kitenzi kingine mkononi bila kukiona. Mtoto akivunja kikombe, mwenzake humtishia, "Nitakusemea kwa mama," na hapo kusemea ni kuchongea tu, hakuna tofauti. Lakini bubu naye husemewa. Mgonjwa asiyejiweza husemewa, na anayeogopa kusimama mbele ya wazee hutafuta mtu wa kumsemea. Kitenzi ni kilekile, hakibadiliki hata herufi moja, na kinachoamua kama umemsaliti mtu au umemtetea ni nani aliyekuwa hawezi kusema. Basi nikamwandikia: je, Kaka angeweza kujisemea? Taarifa ileile ya 2002 inasema asilimia 78 ya washambuliaji walikuwa na historia ya kuwaza kujiua au kujaribu kujiua. Anayepanga Jumanne ile hapangi kurudi nyumbani jioni. Dada akinyamaza kwa sababu ya mapenzi, anamnyamazia mtu ambaye ameshajiorodhesha mwenyewe miongoni mwa wafu.

Tena kwa Kiswahili jambo lina ugumu wake, na hapo nilimpa haki mwandishi. Kaka ni zaidi ya kusema kwamba ni mwanamume mliyezaliwa naye. Kaka ni cheo. Mdogo huamkia, hutumwa, hunyamaza kaka akiongea na baba. Msichana huyu anatakiwa aruke ngazi mbili kwa mpigo: atoe siri ya nyumba nje, na amtoe mkubwa wake. Mwandishi alikuwa amemfanya msimulizi arudie mara tatu katika mswada kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nilimwomba azifute zote tatu. Neno lile kinywani mwa binti lilikuwa likimpa ruhusa ya kunyamaza, na mbaya zaidi lilimpa ruhusa hiyo bila kumgharimu chochote.

Rasimu ya pili ilikuwa mbovu, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesukuma sana. Binti aliona daftari ukurasa wa 16, ukurasa wa 30 akawa ofisini kwa mshauri wa wanafunzi anaeleza kila kitu kwa mpangilio, na kurasa 150 zilizofuata zikawa kama kijitabu cha wizara. Kulikuwa hata na namba ya simu ya siri ya kutolea taarifa, iliyoigwa kutoka ile ya Colorado, Safe2Tell, iliyoanza 2004. Jambo jema kabisa duniani, lakini si riwaya. Msomaji wetu wa awali, mwalimu wa fasihi mwenye ulimi mkali, alirudisha mswada na sentensi moja: "Huyu binti hana kaka, ana kesi."

Tukaanza upya kutoka kwenye ufunguo.

Katika rasimu ya tatu binti hasemi mara moja. Kwanza anasema nusu. Anamwambia baba, wakiwa wanaosha gari, kwamba ufunguo ulikuwa umegeuka. Baba anacheka, anasema labda ni yeye mwenyewe, na jioni anauhamishia msumari wa pili, sentimita ishirini kutoka ule wa kwanza. Ni mambo ya mistari sita tu, na sijui kama nimewahi kusoma baba aliyehukumiwa kwa ufupi namna hiyo. Mwandishi aliniambia alikiandika kipande hicho baada ya kufuatilia kesi ya Michigan, ya wazazi wa mvulana aliyeua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford tarehe 30 Novemba 2021. Mwaka 2024 mama na baba walitiwa hatiani, kila mmoja kwa kesi yake, kwa kuua bila kukusudia, wakafungwa kati ya miaka 10 na 15. Rasimu ya kwanza ilimbebesha mtoto wa miaka 15 lawama nzima ya nyumba yenye watu wazima wawili. Ilihitaji kusomwa mara tatu ndipo sote tukaona hivyo.

Kisha unakuja usiku wa siku ya nane, ambao kwangu ndio kilele halisi cha kitabu. Binti ameuchukua ufunguo. Hajamwambia mtu, hana mpango, ameuchukua tu na kuutumbukiza ndani ya soksi, na soksi kaivaa kitandani. Saa sita usiku anasikia hatua za Kaka kwenye zulia, anasikia kalenda ikisuguana na ukuta. Kimya. Kalenda tena, sasa kwa nguvu. Halafu hatua zinakuja, zinasimama nje ya mlango wake. Kurasa nne Kaka amesimama pale na dada amelala ametoa macho, chuma kinamchoma kisigino, na hakuna anayesema neno. Wote wawili wanajua. Anachosema Kaka hatimaye ni, "Mdogo wangu, umelala?" Naye, kwa mara ya kwanza maishani, hamjibu.

Sikugusa hata koma moja katika kurasa hizo nne.

Asubuhi anaenda shule akichechemea kidogo, maana ufunguo bado uko mguuni. Ofisini kwa mshauri wa wanafunzi anashindwa kutamka. Anaulizwa anaumwa? Hapana. Kuna mtu anamsumbua? Hapana. Anavua kiatu, anavua soksi, anauweka ufunguo juu ya meza kati ya bakuli la peremende na kikasha cha tishu. "Huu ni wa nyumbani," anasema. Kisiginoni pana alama nyekundu ya meno ya ufunguo. Mshauri anaitazama alama hiyo kabla ya kuutazama ufunguo, na ndipo anaposimama kufunga mlango.

Hakuna anayepigwa risasi katika rasimu ya tatu. Hapa ndipo yule mwalimu wetu alipokuja juu kwa mara ya pili, na safari hii si kwa mzaha. Alisema kitabu kuhusu mauaji ya shule kisichokuwa na mauaji ni kuwafariji watu uongo: kuna familia ambazo ufunguo haukuonekana, na kitabu hiki kama kinawaambia wangetazama vizuri nyuma ya kalenda. Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Nilichomjibu ni kwamba rasimu ya kwanza iliwadanganya zaidi, kwa kuwaonyesha kifo kinachosafisha. Hii ya tatu haisafishi kitu. Hakukubali wala hakukataa, alirudisha mswada na masahihisho ya tahajia.

Palikuwa na ubishi mwingine mdogo ambao naungama nilishindwa. Katika rasimu ya kwanza polisi walisimama nje zaidi ya saa nzima wakati watoto wako ndani. Niliandika pembeni kwa kujiamini kwamba huo ni utaratibu wa zamani: baada ya Columbine, ambako askari walizingira shule wakisubiri kikosi maalumu, mafunzo yalibadilika na sasa wanaofika kwanza huingia papo hapo. Mwandishi alinijibu kwa neno moja na namba moja: Uvalde, 77. Mei 2022, Texas, watoto 19 na walimu wawili waliuawa, na polisi walikaa dakika 77 kabla ya kumvamia mshambuliaji. Nikafuta maoni yangu. Sehemu hiyo iliondoka yenyewe baadaye, lakini somo nililipata: kinachoandikwa kwenye mwongozo na kinachofanyika mlangoni ni vitu viwili.

Suala la Kaka mwenyewe lilituchukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni alikuwa na koti refu jeusi, hana rafiki, muziki wa kelele. Ile taarifa inasema wazi kwamba hakuna sura moja ya mshambuliaji inayoweza kumtambulisha. Koti likaondoka. Alichopewa badala yake ni tabia ya kumfunga dada yake kamba za viatu hata alipokuwa mkubwa wa kujifungia, na hicho kinatosha kutuonyesha dada anampoteza nani.

Maana anampoteza. Sadaka, kama lazima tutumie neno hilo, imehamia kwenye theluthi ya mwisho ya kitabu. Kaka anachukuliwa alasiri hiyohiyo, bila pingu, akiwa amevaa jezi ya mazoezi. Nyumbani hakuna anayempiga binti wala kumfokea. Mama anaendelea kuandaa sahani nne kila jioni, na kila jioni, bila kuinua macho, anamwambia binti airudishe ile ya nne kabatini. Wiki tatu anaibeba sahani safi kutoka mezani hadi kabatini. Na siku moja ndipo mama anasema, akiwa amegeukia sinki, "Damu nzito kuliko maji." Mara moja tu katika kitabu kizima. Lile neno tulilolifuta mara tatu lilikuwa linasubiri kinywa hiki. Shuleni mambo ni mchanganyiko: kuna wanaomkumbatia na kuna wanaomwita mchongezi, na yule mtoto wa raba wa sura ya pili na wenzake wawili wanaendelea kuishi bila kujua kwamba wamewahi kufa katika rasimu.

Ukiilinganisha na korido, hii ndiyo gharama kubwa. Kule alitoa uhai wake sekunde moja na akabaki dada mwema milele. Hapa anatoa kitu ambacho atakosa kila jioni kwa muda usiojulikana, na hana hakika kama alikitoa sahihi, kwa kuwa Jumanne ile haikutokea. Ubaya uliozuiwa hauna ushahidi. Kaka anaweza kusema hangefanya. Mama anaweza kuamini hivyo. Hata binti mwenyewe, kuna ukurasa mmoja, anaanza kuamini.

Sehemu ya mwisho ni chumba cha wageni katika kituo anakotibiwa Kaka, miezi saba baadaye. Meza imefungwa sakafuni kwa skrubu. Wanazungumza habari za paka, za gari la baba. Kamba ya kiatu cha binti imelegea, Kaka anaitazama, hainami kuifunga, kwa sababu haruhusiwi kushika chini ya meza. Muda ukikaribia kwisha anasema neno moja: "Ulinisemea." Hapo kitabu kinaishia.

Nilimwomba mwandishi aongeze kidogo tu, alegeze sauti ya Kaka au aikaze, ampe hata tabasamu nusu. Msomaji atajuaje, nikamwandikia, kama analaumu au anashukuru?

Akajibu kwamba dada mtu naye hajui, na yuko nyumbani anasubiri Jumamosi ijayo arudi kumuuliza.